Siku 14 za notisi ya rufaa zimepita, kuna njia?

binti_wa_kayole: Habarini wadau, nisaidieni kabla presha initoe roho. Mamangu alikuwa na kesi ya ploti korti ya mazingira na ardhi hapa Milimani, Nairobi, hukumu ikasomwa tarehe 6 kwa video, tukashindwa. Wakili akatuambia tutulie nakala ya hukumu itoke ndio akate rufaa. Imetoka jana, kurasa 31, leo ni tarehe 24, na niko kwa mat narudi home nasoma mahali eti siku ni 14 tu. Wakili hashiki simu. Tumeisha?

otis_rongai: Si ni siku 30? Yangu nilifaili siku ya 27 na ikakubaliwa.

karani_mzee: Otis wacha kupotosha msichana wa watu, yako ilitoka kwa hakimu ikaenda High Court, hiyo ndio 30. Hii inaenda Mahakama ya Rufaa, na kanuni zao za 2022 ni siku 14 tangu hukumu itolewe, sio tangu ushike karatasi. Na dada, notisi yenyewe ni karatasi moja tu, inasema hatujaridhika tunakata rufaa, basi, haingoji nakala ya hukumu na inafailiwa palepale korti iliyowahukumu. Nimekuwa karani wa mawakili miaka 19 na hii ya "tungoje nakala" nimeiona ikizika rufaa nzuri sana.

Mko nje siku 4. Kanuni ya 4 inawaruhusu kuomba muda zaidi, jaji mmoja anasikiza, anaangalia mmechelewa kiasi gani, kwa nini, na upande ule utaumia vipi. Lakini ombi liende wiki hii, na sababu ielezwe vizuri kwa afidaviti, yaani maelezo ya kiapo, maanake Mahakama ya Juu ilishasema kwa kesi ya Salat na IEBC (tume ya uchaguzi) 2014 kwamba kuongezewa muda si haki ya mtu.

mama_hardware: Pole mamii. Sasa usilie na notisi ukasahau barua. Mnafaa kuandikia msajili mkiomba mwenendo wa kesi, yaani yote yaliyosemwa kortini, uchapwe, ndani ya siku 30 tangu hukumu, NA nakala ipelekewe upande ule mwingine. Rekodi ya rufaa, yaani faili lenyewe la rufaa na karatasi zote, ina siku 60 tangu notisi ifailiwe, na hiyo barua ndiyo inafanya siku za kungoja kuchapwa zisihesabiwe, msajili anawapa cheti. Sisi barua tuliandika siku ya 9, muhuri upo, wino wa zambarau, tarehe inasomeka vizuri kabisa, lakini wakili wetu hakuwapelekea wale. Kuchapwa kulichukua miezi 7. Zote zikahesabiwa.

otis_rongai: Eish. Nimenyamaza.

binti_wa_kayole: Wakili ameshika simu saa hii. Barua hajaandika!! Lakini kumbe leo ni siku ya 18, bado tuko na 12. Naichapa mwenyewe usiku huu, mawakili wa wale jina lao liko kwa ukurasa wa kwanza wa hukumu.

karani_mzee: Chapa, lakini asaini wakili. Asubuhi uwe kwa mlango wake kabla afungue, na ukipeleka nakala kwa wale wakupigie muhuri kwa yako, usitoke bila.