Naomba ushauri: kutoa ratiba ya vipindi kutoka FET kwenda Excel

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa taaluma, sekondari moja hapa Moshi. Ratiba naipanga kwa FET, ile programu ya bure, na kupanga inapanga vizuri mno, hakuna kugongana. Kazi ipo kwenye kuitoa.

Nikiitoa kwa CSV (faili la maandishi matupu ambalo Excel hulifungua) napata orodha ndefu: kila kipindi na mstari wake, na safu za siku, saa, darasa, somo, mwalimu, chumba. Vipindi viwili mfululizo vinakuwa mistari miwili. Mkuu wa shule anataka jedwali la kila mwalimu, siku pembeni na vipindi juu, ambalo ofisi inaweza kulihariri mtu akiomba ruhusa. Kurasa za HTML ambazo FET inatoa, zile za kufungua kwenye kivinjari, zina sura hiyo, ila kunakili ya mwalimu mmoja mmoja ni kukesha, na ratiba ikibadilika unaanza upya.

Nimejaribu Pivot Table, jedwali la muhtasari la Excel, ikaishia kuhesabu: pale nilipotaka "Fizikia 3B" inaandika 1. Tena walimu wawili wakishika kipindi kimoja, majina yanaunganishwa kwa alama ya +, hivyo kutafuta jina kamili hakuleti kitu.

Kompyuta ya ofisi ina Excel 2010, kwa hiyo fomula mpya za kutafuta na kuchuja, XLOOKUP na FILTER, hazimo. Je, fomula za zamani za INDEX na MATCH zinaweza kubeba vigezo vitatu, yaani mwalimu, siku na saa? Au nijifunze makro tu, yaani kuandika programu ndogo ndani ya Excel? Mwenye faili la mfano naomba anisaidie, walimu wanasubiri ratiba zao.