Tupeane uzoefu: SACCOS ilikuokoa lini, na ilikutoa jasho lini?

Mkazi wa Uyole
Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, salaam. Nimepita ofisini kwa chama chetu nikakuta tangazo la mkutano mkuu limebandikwa mlangoni, na mojawapo ya ajenda ni kupitisha ukomo wa madeni. Mwanachama mpya aliyekuwa pembeni yangu akauliza hayo madeni ni ya nani, na wazee watatu waliokuwapo wakampa majibu matatu tofauti. SACCOS ni chama cha ushirika wa akiba na mikopo, mali ya wanachama wenyewe, na kila mmoja ana kura moja, awe na hisa tano au mia tano. Ukomo wa madeni ni kiwango ambacho mkutano mkuu unairuhusu bodi kukopa kutoka nje ya chama kwa mwaka husika, na lazima kiidhinishwe na Mrajis wa Vyama vya Ushirika kabla bodi haijakopa hata shilingi moja. Kwa kuwa wengi wetu tunakatwa kila mwezi bila kuyajua haya, naomba tupeane uzoefu.

Mama Matenga, Ilula
Mimi iliniokoa. Msimu ambao nyanya ziliozea shambani kwa kukosa wanunuzi, nilikuwa nimekopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba ya kunyonya, nao wakaja kubeba jokofu la dukani mbele ya wateja. Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwenye SACCOS, nikalipa kiingilio, nikanunua hisa, nikaanza kuweka akiba kidogo kidogo kila siku ya gulio. Ilinibidi kuvumilia miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kukopa, lakini nilipofikia hapo nilipewa mara tatu ya akiba yangu, tena kwa riba ambayo iliandikwa kwenye mkataba na nikasomewa kabla sijatia sahihi.

Mnyalukolo wa Kihesa
Kausha damu wameshawamaliza wengi hapa Iringa. Naunga mkono kila neno, mama.

Mfanyabiashara wa Kabwe
Samahani, lakini mnaisifia mno. Benki ikifilisika, ipo Bodi ya Bima ya Amana inayowalipa wateja hadi kiwango kilichowekwa. Je, bodi ya chama chenu ikila fedha, nani atawalipa? Halafu mkitaka kutoka mnaambiwa hisa hazirudishwi.

Karani Mstaafu
Ndugu wa Kabwe, unachanganya mambo mawili. Hisa ni mtaji wa chama, kwa hiyo kwa kawaida haichukuliwi dirishani, bali huhamishiwa mwanachama mwingine kwa utaratibu wa masharti ya chama. Akiba ni yako, na ukijitoa unarudishiwa baada ya notisi, isipokuwa kama una deni au umemdhamini mtu ambaye hajamaliza deni lake. Amana ni fungu la tatu, ambalo unaweka na kuchukua kwa mapatano. Kuhusu usalama, kabla ya kuweka fedha omba kuona leseni, kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 SACCOS inatakiwa kuwa na leseni, na inayozitoa ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Omba pia kuona taarifa ya mwisho ya ukaguzi. Chama kinachokuambia taarifa hiyo imefungiwa kabatini, kikimbie.

Mwalimu wa Tukuyu
Karani ametaja udhamini kwa kupita tu, nami hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Tulikuwa na mwalimu mwenzetu, mtu wa kupokezana naye zamu na hata kulelewa watoto na mkewe. Alichukua mkopo wa maendeleo wa miaka mitatu, na tuliotia sahihi tulikuwa wadhamini watatu wa shule moja. Marejesho yalikuwa yakikatwa kwenye mshahara, hivyo hakuna aliyekosa usingizi. Kisha zikaja habari za dhahabu ya Chunya. Mwenzetu alianza kwa kuomba ruhusa za Ijumaa, baadaye Ijumaa ikaungana na Jumatatu, na hatimaye hakuonekana kabisa. Mwajiri alimwondoa kazini kwa utoro, mshahara ukakoma, na makato nayo yakakoma siku hiyo hiyo.

Hayo yote niliyajua kama umbea wa chumba cha walimu. Nilielewa maana yake siku nilipokwenda kuomba mkopo wa ada ya binti yangu aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Karani wa chama chetu alichapisha taarifa yangu, akaigeuza upande wangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye safu iliyoandikwa "akiba iliyozuiliwa". Chama kilikuwa kimefidia deni kwanza kwa akiba ya mkopaji mwenyewe, na salio lililobaki kikaligawa kwetu wadhamini watatu. Akiba niliyoiweka tangu binti huyo akiwa darasa la tatu ilikuwapo yote kwenye karatasi, ila iliyobaki huru haikutosha hata ada ya muhula mmoja. Nilimwomba karani aangalie tena. Akaangalia tena, kwa heshima kabisa, na safu ikabaki vile vile.

Tulipanda basi la Chunya sote watatu. Huko tuliulizia karasha hadi karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mpaka kijana mmoja akatuonyesha mtu aliyejaa vumbi jeupe kichwani, anaosha marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa mara ya kwanza. Nilitarajia akimbie. Alisimama, akanawa mikono, akatuamkia kama tulivyokuwa tukiamkiana ofisini, kisha akatoa daftari la mazoezi, yale ya shule, lenye majina yetu matatu na mbele ya kila jina kiasi alichodhani tumekatwa.

Mama Matenga, Ilula
Maskini! Je, alilipa?

Mnyalukolo wa Kihesa
Mwalimu, usituache hapo.

Mjane wa Mafinga
Wakati tukimsubiri Mwalimu, niseme upande mwingine. Mume wangu alifariki akiwa na mkopo ambao haujafika nusu. Nilikwenda ofisini nikiwa nimeshapanga kuuza mbao zilizokuwa uani, nikaambiwa mkopo una kinga, yaani bima, iliyokatwa siku ya kuutoa, hivyo chama hakinidai chochote, na akiba yake ingelipwa kwa mtu aliyemwandika kwenye fomu ya uanachama. Bahati aliandika jina langu. Jirani yangu alikuta limeandikwa jina la kaka wa marehemu, kwa sababu marehemu alijiunga akiwa kapera na hakuibadilisha fomu, na ukoo bado unavutana. Kagueni fomu zenu.

Mfanyabiashara wa Kabwe
Narudi kwa Mwalimu. Huo si ushirika, ni kuwaadhibu wasiokopa! Chama kina kamati ya mikopo na kina wanasheria; kwa nini hakikwenda chenyewe Chunya?

Karani Mstaafu
Kwa sababu fedha aliyoondoka nayo ni ya wanachama wengine, wakiwamo akina Mama Matenga wa chama chake. Ungetaka alipe nani? Sahihi ya mdhamini si ya kumsindikiza mkopaji. Inasema wazi kwamba asipolipa, nitalipa mimi.

Mfanyabiashara wa Kabwe
Basi waiandike kwa herufi kubwa, maana hiyo fomu tunapewa tukiwa tumesimama mlangoni.

Karani Mstaafu
Hapo umesema kweli.

Mwalimu wa Tukuyu
Alilipa, kwa mafungu, kupitia simu, kila mzigo wake ulipochenjuliwa. Mwezi mwingine kikubwa, miezi mingine kimya. Chama kilikuwa kimeshafidiwa, kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa tukimdai. Binti alianza chuo mwaka uliofuata.

Dada wa Mbalizi
Ushauri wangu ni mfupi: usimdhamini ndugu.

Mzee wa Igurusi
Mdhamini ndugu tu, binti yangu, kwa sababu unajua kwao.

Mnyalukolo wa Kihesa
Mimi namdhamini mwenye ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hahamii Chunya.

Mkulima wa Viazi, Makambako
Nami nina swali. Chama kinanitaka nirejeshe kila mwezi kuanzia mwezi unaofuata, wakati viazi vinataka miezi mitatu hadi minne ndipo nivune. Aidha naambiwa riba ni asilimia moja na nusu kwa mwezi, ambayo naona ni ndogo.

Karani Mstaafu
Uliza inatozwa kwenye nini. Ukikopa 1,200,000 kwa miezi 12, na riba hiyo ikatozwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, utalipa riba ya 216,000. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, huku ukirejesha 100,000 za mkopo kila mwezi, utalipa 117,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 99,000, na hiyo kwa mkulima ni mbolea.

Mzee wa Igurusi
Kuhusu kurejesha, sisi wa mpunga tulipeleka hoja mkutano mkuu, sera ya mikopo ikabadilishwa, na sasa upo mkopo wa pembejeo unaorejeshwa baada ya mavuno. Riba inaendelea kuhesabiwa muda wote huo, usije ukashangaa. Ila sisitiza mkopo utoke kabla ya kupanda, kwa kuwa mwaka mmoja wetu ulitoka mpunga ukiwa umeshachanua, na wengi walinunulia pikipiki.

Mkulima wa Viazi, Makambako
Ahsante, mzee. Afisa mikopo aliniambia sera haibadiliki, wala hakuniambia kwamba wanaoibadilisha ni sisi. Naandika hoja hiyo leo ili imfikie katibu kabla ajenda hazijafungwa, na nimeshapata wanachama wa kuiunga mkono.