Vifaa vya useremala vya kufuliwa kwa mkono: nivitumie au nivitundike ukutani?

MjukuuWaSeremala:

Wakuu, habari zenu. Nimeachiwa sanduku la vifaa vya babu mzaa mama, aliyekuwa seremala maisha yake yote. Kuna randa (kifaa cha kulainishia mbao) ya mbao tupu, mwili wake kipande kimoja, kisu kimebanwa kwa kabari. Kuna patasi za kila upana, juba moja zito (patasi nene ya kuchimbia matundu), tezo (kishoka cha kuchongea chenye makali yaliyokingama na mpini), keekee ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono, na msumeno ambao ukishika mpini wake vidole vinaingia vyenyewe mahali pake.

Ndugu zangu wanataka tuvipige vanishi, tuvitundike sebuleni. Mimi moyo unakataa. Sina karakana, kazi zangu ni za nyumbani tu: mlango unaokwama, droo nzito, kigoda kinachocheza miguu. Naomba kujua mambo mawili. Je, vifaa hivi vitaniwezesha kazi hizo? Na kisu cha randa kina kutu, halafu ubavuni kuna mstari mwembamba unaokwenda sambamba na uso wake. Ni ufa huo?

Kabari_na_Kinoo:

Dada, kwanza vanishi iweke mbali kabisa. Nakuomba.

Huo mstari si ufa, ndio uzuri wenyewe wa kisu hicho. Zamani feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika makali, ilikuwa ghali. Mhunzi alichukua bamba la chuma laini, akaweka utepe mwembamba wa feleji upande wa makali, akavitia motoni mpaka vikaiva, kisha akavigonga nyundo hadi vikashikana. Mstari unaouona ndipo vyuma viwili vilipokutana. Faida yake utaiona siku ya kunoa: jiwe linapambana na feleji kidogo tu, sehemu kubwa iliyobaki ni chuma laini kinacholika upesi. Wahunzi wa Japani mpaka leo wanafua patasi na visu vya randa kwa mtindo huo. Kisugue taratibu uangalie kama kuna mhuri. Ukikuta maneno CAST STEEL, hiyo ni feleji ya kuyeyushwa kwenye vyungu, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield, Uingereza, miaka ya 1740.

Kuhusu kazi, vitaziweza na zaidi. Mlango wangu wa chumbani ulipovimba kwa unyevu niliumaliza kwa randa ya aina hiyo hiyo, bila umeme na bila vumbi la kujaza nyumba. Tafuta kwanza mahali palipong'aa kwenye ubavu wa mlango, ndipo panaposugua. Paka chaki kwenye fremu, funga mlango, fungua: chaki ikihamia mahali, piga randa hapo tu. Kwenye ukingo wa juu au wa chini anzia pembeni uelekee katikati, kila upande kwa zamu yake. Ukipitiliza hadi mwisho, nyuzi za mbao zitamegeka pembeni.

Kuirekebisha kunahitaji sikio na kidole. Igeuze randa, itazame kwa chini kuanzia puani, yaani ncha ya mbele, kisu kionekane kama uzi mweusi tu. Kama hakijatokeza vya kutosha, kigonge kichwani kwa nyundo ndogo, mara moja, kidogo sana. Kama kimezidi, gonga mwili wa randa kisogoni, yaani nyuma, nacho kitarudi. Randa ndefu nyingine zina kitufe juu upande wa mbele kwa ajili hiyo. Kila ukimaliza kurekebisha, ikaze kabari. Ikikaa sawa utaisikia: sauti inakuwa ya kuendelea, haikatiki, na maranda yanatoka marefu yakijikunja.

Kigoda: mguu ukicheza kwenye tundu lake usikimbilie msumari. Uchomoe, kwangua gundi ya zamani, pasua ulimi wake (ncha inayoingia tunduni) kidogo kwa msumeno, tia kabari nyembamba ya mbao ngumu na gundi mpya. Mpasuo ukae kukingamana na nyuzi za kiti, la sivyo kabari itakipasua kiti chenyewe. Droo haihitaji hata patasi. Sugua mshumaa kwenye njia zake.

Tezo_ya_Pwani:

Naongezea kuhusu kutu. Loweka kisu kwenye siki kwa saa kadhaa, chuma peke yake, mbao isiguse. Kisugue kwa brashi, kioshe kwa maji yenye magadi kuua asidi, kikaushe papo hapo na ukipake mafuta. Kuliko vyote, usikipeleke kwenye mashine kavu ya kunolea. Ncha ikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwenda na itabidi uikate sehemu hiyo. Noa kwa mkono kwenye jiwe lenye maji, pembe ya nyuzi 25 hadi 30, na uso wa nyuma uwe bapa kabisa karibu na makali.

Mipini ipake mafuta ya kitani, safu nyembamba. Kitambaa ulichopakia usikifinyange ukakitupa pembeni: mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Na tezo usiiache sandukuni. Mwaka 1936 huko Mästermyr, kisiwani Gotland, Uswidi, lilifukuliwa sanduku la fundi wa enzi za Waviking, na tezo zilikuwemo. Fundi wa leo angezishika akafanya kazi.

Kabari_na_Kinoo:

Hapo umesema. Dada, jambo jingine: puani mwa randa tazama kama kuna jina lililopigwa mhuri. Mafundi walifanya hivyo, na randa moja inaweza kuwa na majina ya watu wawili watatu waliorithishana. Uchafu utoe kwa kitambaa chenye mafuta, msasa usipite hapo hata kidogo.

MjukuuWaSeremala:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Jina lipo! Ni la babu, na juu yake kuna jina jingine limefifia, mama anasema ni la fundi aliyemfundisha. Kisu nimekinoa, kinanyoa nywele za mkono. Ila randa inakula mara mbili tatu, halafu maranda yanajazana mdomoni, pale kwenye uwazi wa kisu, na inagoma.

Kabari_na_Kinoo:

Kisu chako ni kimoja, au kuna bamba la pili limefungwa juu yake kwa skrubu?

MjukuuWaSeremala:

Lipo la pili.

Kabari_na_Kinoo:

Basi yabane yote mawili, uyainue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati yao karibu na makali, maranda yanaingia humo na kukwama. Linoe bamba la juu ukingoni mpaka likalie kisu bila nafasi, kisha lirudishe nyuma ya makali kama milimita moja. Likishakaa, tazama na ncha za kabari, zile mbili zinazoshuka pembeni mwa mdomo. Zikiwa butu zinazuia maranda kutoka. Zichonge kwa patasi ziwe nyembamba.