Mrejesho: AC inapoza lakini chumba kinanata

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini chumba changu hapa Tanga kina baridi, AC ipo 20, lakini shuka zinanata kama zimeanuliwa mbichi.

Mliosema mashine ni kubwa kuliko chumba mmepatia. BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 18,000 kwa chumba cha futi 10 kwa 12: inapoza chapuchapu, inakata kabla haijakamua unyevu. Sasa naiweka kwenye alama ya tone la maji (ya kukausha hewa), nyuzi 26, pangaboi taratibu. Kibomba cha nje kinachuruzika usiku kucha, na usingizi umerudi. Kuziba mianya ya dirisha kumesaidia kiasi. Beseni la chumvi la kunyonya unyevu, hamna kitu! Ukungu wa kabatini bado upo, nashuku bomba la bafuni linavuja ukutani. Fundi anakuja Jumamosi. Asanteni sana.