Tupeane uzoefu: safari ndefu ya ndege ukiwa na mtoto mdogo

Mama wa Sakina

Habari za jioni wapendwa. Mwezi ujao nasafiri na mwanangu kwenda Amsterdam kwa dada yangu. Ni mimi na yeye tu, baba yake anabaki kazini. Mtoto ana mwaka 1 na miezi 10, na huko tutakaa miezi 3. Ndege inatoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku na ni kama saa 8 na nusu angani, moja kwa moja.

Mpaka leo safari yake ndefu kuliko zote ni ya basi, Arusha kwenda Dar. Basi liliposimama Mombo alishuka, akakimbizana na kuku, akala ndizi, akapanda tena amechangamka. Ndegeni hakuna Mombo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Yuko kwenye ule umri wa kukataa kupakatwa: ukimweka mapajani anajinyoosha kama ubao mpaka ateleze chini.

Mliopitia naomba mnieleze ilikuwaje hasa. Mtoto alikuwa na umri gani, nini kilimtuliza, nini kilishindikana. La "atalala tu" nimeshaambiwa na kila mtu, halinisaidii.

Mama Wawili, Moshi

Pole mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi nilitoka KIA na wa kwanza wangu akiwa na mwaka 1 na miezi 7, tukapitia Doha, tukaendelea mpaka London. Baba yake alikuwa ametangulia.

Wiki moja kabla nilizunguka soko la Memorial nikaokota vitu vidogo vya bei ya chini: pochi kuukuu yenye zipu, tochi ya kidole, kijitabu cha picha za wanyama, kijiko cha mbao. Vilifika 9. Kila kimoja nikakifunga kwenye kipande cha gazeti na kamba. Kwanza kukifungua tu ni kazi kwa mtoto, na hakijui, hajawahi kukiona nyumbani. Sheria yangu ilikuwa moja: sitoi kingine mpaka cha kwanza kimemchosha kabisa, na kile cha kwanza nakirudisha kwenye begi asikione. Baada ya saa 3 ukikitoa tena kinakuwa kipya.

Lakini kilichotuokoa kweli ni kopo. Lile kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha plastiki. Nilikata tundu kwenye kifuniko, nikachana kanga kuukuu vipande virefu, nikavifunga ncha kwa ncha, nikavisokomeza ndani nikaacha ncha moja nje. Anavuta, inatoka ya njano. Anavuta, inakuja nyekundu. Anasimama kidogo, ananitazama, anavuta tena. Vikiisha ananiletea kopo nimjazie. Tulifanya hivyo dakika 40 nzima, na mzee mmoja wa siti ya jirani akawa ananisaidia kujaza. Kipande cha kanga hakipigi kelele, hakivunjiki, hakiviringiki chini ya siti za watu. Usikiache shingoni mwake tu, na uwe unamwangalia muda wote.

Kilichoshindikana ni gari la kuongea nililonunua kwa hela nyingi. Lilipiga honi mara 2 watu wakageuka, nikalitoa betri.

Baba wa Njiro

Mimi ni baba, na nilisafiri peke yangu na binti yangu wa miaka 2 na nusu. KIA mpaka Addis Ababa, halafu Addis mpaka Washington, zaidi ya saa 13 kwa hicho kipande cha pili. Mama yake anasoma huko.

Ya kwanza ilikuwa mchana na ilikuwa raha. Ndege ilipopanda tukaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, dirishani, theluji ile karibu kabisa, na yeye akaweka kiganja kwenye kioo akasema "kwa babu". Babu yake yuko Machame. Alilitaja neno hilo mpaka tunatua, na kutua kwenyewe hakukumsumbua hata kidogo.

Washington ndiko nilikokosea. Mwanzoni mwa safari, ndege inapaa, nilimpa maziwa yote niliyokuwa nimetayarisha, kwa sababu nilisikia mtoto anyonye wakati wa kupaa masikio yasiume. Hakulalamika. Basi tulipoanza kushuka alikuwa amelala fofofo, mimi nikashukuru Mungu nikamwacha. Aliamka akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake, amejishika sikio la kulia, anajikunja. Sina maziwa, sina juisi, wahudumu wameshakaa na mikanda yao. Nilimpa kidole changu anyonye. Ndugu zangu, zile dakika 20 bado ninazikumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu: kinywaji kitunze kwa ajili ya kushuka. Kurudi tulifanya hivyo, na hakulia kabisa.

Nesi wa Moshi

Baba, pole. Naomba nieleze kwa nini Addis kulikuwa shwari na Washington kukawa vile, maana hapo kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi.

Kuna kijia chembamba kinachotoka sikio la kati kwenda nyuma ya pua. Kazi yake ni kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Kwa mtoto ni kifupi na chembamba zaidi, kinaziba upesi. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani yake inakuwa kama ya mtu aliyesimama mita 1,800 mpaka 2,400 juu ya usawa wa bahari. Addis yenyewe iko kwenye mita 2,300 hivi, kwa hiyo mkitua hapo sikio karibu halioni tofauti. Washington iko chini karibu na bahari, hewa inarudi na uzito wake wote, kijia kikiwa kimeziba ngoma ya sikio inasukumwa ndani. Maumivu yake ni makali kweli. Mama wa Sakina, Schiphol unakokwenda wewe iko chini ya usawa wa bahari kwa kama mita 3. Kwa hiyo jiandae kama vile kaka alivyosema.

Kinachofungua kijia ni kumeza. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Mwamshe hapo, hata kama unamwonea huruma, mpe chupa, titi, au kikombe chenye mrija, anywe taratibu kidogokidogo mpaka magurudumu yaguse. Akiwa na mafua makali au sikio linamuuma siku za kuondoka, mpeleke aonwe kwanza.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu. Naona akina mama wanashauriana kumpa mtoto dawa ya mafua ili alale. Msifanye. Mtoto mdogo anaweza kupungukiwa pumzi, na wengine dawa hizo zinawageuza, badala ya kusinzia wanaruka usiku kucha. Dawa ya kumlaza mtoto ni kumchosha kabla hamjapanda. Mkifika KIA mapema mwache atembee, ahesabu masanduku, apande na kushuka viti.

Na hewa ya ndegeni ni kavu sana. Maji kila mara, na matone ya maji ya chumvi puani yanasaidia.

Msafiri wa Usa River

Dada, umesema ana mwaka 1 na miezi 10 na mnakaa miezi 3. Angalia tiketi yako ya kurudi! Mtoto chini ya miaka 2 anapakatwa na nauli yake ni ndogo, lakini akishatimiza 2 lazima awe na siti yake. Wanahesabu umri wa siku ya safari yenyewe, siyo siku uliyonunua tiketi. Mimi niligundua kaunta, wakati wa kurudi, mtoto amefikisha miaka 2 siku 9 zilizopita. Nililipa nauli ya siku ileile na sitaki ikukute.

Pia baba yake akuandikie barua ya ridhaa, igongwe muhuri wa wakili. Niliulizwa mpakani.

Bibi wa Marangu

Wajukuu zangu hamjambo. Mimi nilikwenda Ujerumani na binti yangu na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Vitu vya kuchezea binti yangu alikuwa navyo begi zima, lakini saa 8 za usiku mtoto alivikataa vyote. Analia hataki mama, hataki maziwa, hataki katuni. Nikamwambia binti yangu nipe huyo.

Nikatoa kanga, nikamfunga mgongoni. Nikaenda kusimama nyuma kule karibu na jiko la wahudumu, nikawa najitikisa kama mtu anayetwanga, namwimbia polepole zile nyimbo za kwetu. Akaweka shavu mgongoni. Nikasikia pumzi yake inabadilika. Nilisimama pale karibu saa nzima na miguu ilivimba, lakini alilala. Taa ya mkanda ikiwaka wahudumu watakuambia umfungue ukakae, na ni haki yao, ndege ikiyumba mgongoni siyo mahali salama. Watakupa kamkanda kadogo kanakoshikana na wako, umfunge mapajani.

Tena nilibeba mtori kwenye chupa ndogo ya chai. Chakula cha ndegeni hakukigusa. Mtori alimaliza.

Mama wa Sakina

Shikamoo bibi. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Hapo kwenye ukaguzi mtori walikuruhusu kupita? Nasikia maji maji ni mwisho mililita 100.

Bibi wa Marangu

Marahaba mwanangu. Chakula na maziwa ya mtoto ya kutosha safari wanaruhusu, ila sema mwenyewe kabla hawajakuuliza. Walifungua, wakanusa, wakapima, wakanirudishia. Matunda mmalizie humohumo ndegeni, wenzetu ni wakali sana na matunda kutoka nje.

Kijana wa Kijenge

Mimi naongezea kishikwambi. Pakua katuni ukiwa nyumbani, usitegemee intaneti ya angani, na umnunulie hedifoni za watoto, mzizoee wiki mbili kabla. Wangu alizivua ndegeni kwa sababu ndiyo siku ya kwanza kuziona.

Mama wa Kiborloni

Mimi katuni niliziweka akiba mpaka saa 2 za mwisho, wakati nguvu zangu zimeisha. Ukianza nazo mapema huna tena cha kumpa. Na pampasi beba kwa hesabu ya moja kila saa 2 halafu ongeza 4. Na nguo za kubadilisha beba zako pia, siyo za mtoto tu. Alinitapikia kifuani dakika 20 baada ya kupaa, nikakaa na blauzi ile mpaka asubuhi.

Mama wa Sakina

MREJESHO. Wapendwa, tulifika salama wiki iliyopita, nimepumzika ndiyo naandika.

Pale KIA alitembea mwenyewe kutoka jengoni mpaka kwenye ngazi za ndege, ananivuta mkono kama yeye ndiye anayenisindikiza. Besineti ya ukutani, kile kitanda kidogo cha watoto, hakutosha, kilo zake 12 zilipita kikomo cha ndege yetu. Kopo la kanga lilikuwa kila kitu. Nilitumia vile vipande vya kanga ya mama yangu, na alipochoka kuvuta akajifunika navyo usoni, akawa anachungulia watu wa nyuma. Msichana mmoja alicheza naye hivyo muda mrefu mpaka nikapata nafasi ya kula.

Kulala alilala kwa muda wa saa 4. Katikati alilia sana, kama nusu saa, na nilidhani nimeshindwa. Nikakumbuka bibi. Nilimfunga mgongoni, nikaenda nyuma, nikajitikisa. Mhudumu alinisogezea sehemu ya kusimama na kunipa maji bila mimi kuomba.

Kushuka, rubani alipotangaza tu nilimwamsha mtoto. Alinikasirikia, akasukuma chupa mara mbili, ya tatu akaipokea. Nilikuwa namshika kidevu nahesabu anavyomeza. Alijishika sikio mara moja, akalia kidogo sana, akaendelea kunyonya mpaka tunatua.

Nesi, kaka wa Njiro, mama wa kopo, bibi, Mungu awabariki. Na ndugu wa Usa River, niliikagua tiketi usiku uleule ulioandika. Siku ya kurudi atakuwa na miaka 2, mwezi 1 na siku 6. Siti yake ya dirishani nimeshailipia.