Huyu bwana ameniita muuza maiti mbele ya kikao cha harusi, kwa kompyuta aliyoikagua mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu nyote. Naandika nikiwa nimetoka kikaoni muda huu, shati bado limelowa jasho, na naomba mniwie radhi iwapo maneno yangu yatakuwa makali kuliko ilivyo desturi ya jukwaa hili. Simtaji mtu huyu kwa jina, kwa kuwa hakuna haja. Ni yule yule mnayemfahamu, anayezungumza na simu kwa sauti ambayo wakazi wa Kigamboni huisikia bila kuvuka kwa pantoni, na ambaye katika kila shughuli hupatikana jirani na sufuria ya pilau kabla dua haijasomwa. Mkishamjua nyamazeni, tuendelee.

Jambo lenyewe ni hili: mbele ya kikao, mwenyekiti akiwa mezani na akina mama wakiwa na soda zao mkononi, huyu bwana amesimama na kuniita muuza maiti. Rudieni kusoma. Muuza maiti.

Nilimuuzia kompyuta mpakato yangu kwa shilingi 350,000. Alikuja nyumbani kuikagua akakaa sebuleni tangu alasiri, hata mke wangu akalazimika kuongeza unga wa ugali. Akaifungua na kuifunga, akatazama mabao ya Simba na Yanga, akaandika jina lake kwa herufi kubwa na kulifurahia kwa muda mrefu, kisha akatamka, mke wangu akiwa shahidi, kwamba mashine imetulia. Nilimweleza kwa kinywa changu kwamba betri imechoka na kwamba umeme ukikatika asitarajie miujiza. Akajibu kwamba betri si tatizo kwake, kwa sababu yeye ni mtu wa ofisini. Wakuu, ninyi mnamjua, ofisi gani? Akatoa 200,000, na zile 150,000 zilizosalia akaziahirisha hadi mwisho wa mwezi, ambako zipo mpaka leo.

Kisha zikaanza simu. Mara betri haikai na chaji, jambo ambalo nilimwambia. Mara bawaba ya kioo inalia usiku. Mara alichomeka flashi iliyokwishazunguka stesheneri zote za Kariakoo, ikaingiza kirusi, folda zake zikageuka shotikati (vijia vya mkato visivyofungua kitu), naye akanipigia saa tano usiku kuniuliza kwa upole wa kinafiki kwamba faili zake nimezificha wapi. Alipoileta niitazame, niliipindua tu zikaanguka punje za wali na maganda ya karanga, na kitufe cha herufi A, ambacho bila kukigusa huwezi kuandika hata salamu, kilikuwa kimezama upande mmoja na kinanata kwa kitu ambacho pua yangu iliniambia ni juisi ya ukwaju. Sikusema neno. Nilimwazima hata brashi.

Sasa turudi kikaoni. Mweka hazina alikuwa akisoma ahadi za michango, na alipofika kwenye jina langu akasema kwamba nimeahidi 100,000 na nimelipa nusu, jambo ambalo ni kweli na wala si dhambi, kwa kuwa harusi yenyewe bado. Ndipo huyu bwana akanyanyuka, akaomba kipaza sauti (sisi tulioketi chini ya mwembe mmoja, kipaza sauti cha nini?) na kusema: "Mheshimiwa mwenyekiti, huyo msimsumbue kwa mchango, maana kwanza inampasa arudishe fedha za watu alizozipata kwa kuuza maiti ya kompyuta." Halafu akaipitisha simu yake mkono kwa mkono, ikiwa na picha ya tangazo la Microsoft kwamba huduma kwa Windows 10, ile programu inayoiendesha mashine hiyo, ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na picha hiyo akaiita cheti cha kifo. Shangazi wa bwana harusi, ambaye hakusikia mwanzo wa habari, akashika kichwa na kuuliza marehemu ni nani.

Watu walicheka, wakuu. Mwenyekiti, ambaye watoto wake nimewafundisha hesabu bila malipo, alicheka hadi akafuta machozi kwa ile karatasi ya bajeti. Mimi si Microsoft. Sikuitwa Marekani kujadili tarehe ya kufa kwa programu ya mtu yeyote. Na anachokidai mbele za watu ni shilingi 350,000 kamili, yaani nimrudishie hata zile ambazo hajanipa! Anayenidai ndiye ninayemdai, na bado mimi ndiye muuza maiti.

Muuza maiti. Kwa kipaza sauti. Semeni wenyewe.

Kijana wa Buza: Pole sana mkuu kwa msiba huu mzito. Tungependa kufahamishwa msiba upo wapi na maziko yatafanyika saa ngapi, ili wanajukwaa wapange usafiri mapema. Rambirambi zitumwe kwako au kwa mwenye maiti?

Mama Wawili: Na zile 150,000 zilizosalia zihesabiwe kuwa sanda.

Fundi Asiyelala: Mkuu, ushauri wa bure. Fungueni dirisha la amri katika mashine hiyo, mwandike powercfg /batteryreport, nayo itawapa ripoti inayoonyesha ujazo ambao betri iliundwa nao na ule inaoweza kuubeba sasa. Mkiweka hizo namba mbili hapa, ubishi wa betri utakwisha. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kwa joto, na joto la Dar es Salaam halimhurumii mtu. Kuhusu lile tangazo, mashine haijafa hata kidogo. Inaendelea kuwaka na kufanya kazi, isipokuwa haipokei tena masahihisho ya usalama, na hata hayo Microsoft iliyaongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Je, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni ya kizazi cha ngapi?

Mleta mada: Ni Intel ya kizazi cha 6. Lakini mkuu, nakushukuru, naona bado hujanielewa. Aliomba kipaza sauti.

Fundi Asiyelala: Kizazi cha 6 hakikubaliki kwenye Windows 11, ambayo inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea pamoja na kile kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo kitaalamu si maiti, ni mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa bei ya 350,000, hata hivyo, mgonjwa huyu ulimpandisha daraja.

Wakili wa Barazani: Kisheria mleta mada amesimama pazuri. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imefuata misingi ya ile ya Uingereza ya mwaka 1893, ambamo sharti la ubora humbana muuzaji ambaye biashara yake ni bidhaa za namna hiyo, na mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kumwonyesha. Huyu alikagua tangu alasiri hadi ugali ukaongezwa. Mleta mada anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo kudai salio lake, ingawa itambidi amtaje mtu huyo kwa jina, na naona jambo hilo linamshinda hata humu.

Kijana wa Buza: Hakimu atauliza iwapo uchunguzi wa maiti ulifanyika.

Mtoto wa Mvita: Ninyi mnalilia kompyuta. Huku Mombasa nilimuuzia binamu yangu simu, akanilipa kwa M-Pesa mbele yangu, ujumbe ukaingia, tukapeana mkono na kunywa kahawa. Nilipofika nyumbani nikakuta ameomba muamala urudishwe, kwa madai kwamba alikosea namba. Namba yangu anaijua tangu tukiwa shule! Sasa kwenye maulidi ananisalimu kwa kunikumbatia, na simu yangu iko mfukoni mwake ikinigusa mbavu.

Mama Wawili: Afadhali wewe uliguswa mbavu. Mimi nilimuuzia wifi yangu friji, tukakubaliana alipe kwa awamu, na awamu ya kwanza ikaja ikiwa kuku wawili, mmoja kati yao akiwa mgonjwa. Nilipouliza kuhusu awamu ya pili, nikaambiwa kwamba kuku huwa hawauliziwi, kwani ni zawadi, na kwamba friji lenyewe linavuma usiku kwa hiyo ni mimi ninayepaswa kumlipa fidia ya usingizi. Kaka yangu, ambaye ndiye mume wa huyo wifi, amenishauri nimwachie Mungu.

Mleta mada: Mama Wawili, pole sana, lakini je, wifi yako alikuita muuza maiti hadharani? Naomba tusiipoteze mada.

Dereva Mstaafu: Mada ipo, tuliza moyo. Ila nanyi hamjaonja machungu. Mimi nilimuuzia rafiki yangu pikipiki, kadi ikabaki kwa jina langu kwa sababu alisema atabadilisha "wiki hii hii". Ile wiki haijawahi kwisha. Faini zote za barabarani anazopigwa zinasomeka kwenye namba ile ile ya usajili, askari wakiangalia mmiliki wanakuta mimi, na juzi nimepigiwa simu niende kituoni kueleza kwa nini nimekimbia mataa nikiwa nimelala kwangu na kikohozi.

Mtoto wa Mvita: Kadi haibadilishwi wiki hiyo hiyo na mtu yeyote duniani. Ulipaswa kukaa na kadi mpaka mwende naye pamoja.

Wakili wa Barazani: Hilo la pikipiki ni zito kuliko la kompyuta. Dereva, je, mlikuwa na hati ya mauziano yenye mashahidi, au mlipeana mkono tu?

Dereva Mstaafu: Tulipeana mkono, tena msikitini.

Mleta mada: Wanajukwaa, naombeni sana. Kipaza sauti.

Mama Wawili: Ngoja kwanza, mkuu. Dereva, hiyo faini ya mwisho ilikuwa ya mataa tu, au na ya kupakia mishikaki pia?

Dereva Mstaafu: Mishikaki, mama. Watu watatu na mbuzi, wote bila kofia, na wote kwa jina langu.