MJADALA: Jirani akifungua biashara kijijini, tumuunge mkono kwa lipi hasa?

Mleta mada:
Wadau, kila mtu anasema wajasiriamali wa vijijini waungwe mkono. Mkono wenyewe ndio upi? Kwangu mimi, anayenunua na kulipa papo hapo amesaidia kuliko anayepiga makofi siku ya uzinduzi. Biashara nyingi zinauawa na daftari la madeni. Lifungue uone: shemeji, sabuni mbili, mjomba, betri, "atapunguza Jumamosi", mwalimu, ukurasa mzima peke yake. Wote ni watu ambao ukiwadai, undugu unaingia mchanga. Mtaji umelala kwenye karatasi, rafu ziko wazi, halafu tunasema fulani hajui biashara.

Waanzilishi 28 wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walikata shauri mapema: hakuna kukopa. Faida nayo iligawiwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Mtu alinunua pale kwa kuwa ana chake humo, si kwa kuoneana haya.

Mchangiaji wa 1:
Napinga, mkuu. Wale walikuwa watu wa viwandani, wa kupokea ujira. Mkulima hushika hela baada ya mavuno. Ukimwambia leo fedha, atamfuata mchuuzi anayemkopesha mazao yakiwa bado shambani, na bei atapanga mchuuzi.

Mchangiaji wa 2:
Yangu ni nyingine. Nilinunua stuli kwa fundi wa kwetu, kumuunga mkono tu. Haikumaliza wiki, mguu ukachomoka. Nikarudi kumwambia, nikaambiwa nina wivu! Sasa kama kuunga mkono ni kunyamaza, huyo fundi atajifunza lini? Mteja wa mjini hatamwonea haya.

Mleta mada:
Wa 2, hapo sina ubishi. Wa 1, umenibana, lakini sikusema mkulima asikope. Nasema asikope mfukoni mwa muuza duka. Raiffeisen, mwasisi wa vyama vya mikopo kule Ujerumani, alianza na vyama ambamo wenye nacho waliwachangia wasionacho. Akaona havidumu. Mwaka 1864, Heddesdorf, akaanzisha chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama, na wote wanadhaminiana kwa mali zao. Ukijua deni la mwenzako litagonga mlango wako, unauliza maswali kabla hajapewa.

Vikundi vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana, vilivyoanzia Niger mwaka 1991 vinafuata njia hiyo kwa udogo wake. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya kikao. Mkulima akope huko, dukani alipe taslimu. Muuza duka abaki na kazi moja, kuuza.

Mchangiaji wa 1:
Hapo kidogo tunaelewana. Ila mwenye ufunguo mmoja akiwa ni yule shemeji wa sabuni mbili, kikaoni nani ataanza kumdai?